Kagua hita ya maji Mei, usisubiri baridi ya Julai

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa viazi mviringo wilayani Makete hahitaji kufundishwa kuhusu baridi. Anajua kuwa kuanzia Juni inaweza kufika asubuhi moja akaamka na kukuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda shambani kama chumvi iliyomwagwa. Kwa hiyo hupanga tarehe za kupanda na kuvuna akiwa na miezi hiyo kichwani. Mfugaji naye huziba nyufa za banda la ndama mapema. Lakini ndani ya nyumba zao hao hao kuna chombo kimoja ambacho ni nadra mtu kukumbuka kukiandaa: hita ya maji.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Tanga, hita inaweza kuonekana ni anasa. Kwa mkazi wa Njombe, mji ulioko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa jirani zake wa Makete, Mafinga na Mbeya, chombo hicho ni cha lazima kati ya Juni na Agosti. Mwenye nyumba ya kulala wageni hupata au hukosa wateja kwa sababu ya maji ya moto. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayahitaji kusafishia viwele na kuoshea makopo ya maziwa kila siku, iwe baridi au joto.

Tatizo ni kwamba hita mbovu haijionyeshi Desemba. Wakati huo maji ya bomba huingia yakiwa na uvuguvugu wake, na hata hita iliyojaa tope au yenye elementi iliyochoka hutoa maji ya kutosha kuoga. Ubovu hujitokeza Julai, siku ambayo fundi ana foleni ya wateja na duka la vipuri limeishiwa kile unachokitafuta.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulala Julai ya mwaka mmoja katika nyumba ya wageni kwenye nyanda hizo. Usiku, baada ya safari ndefu ya basi, alifungua bomba la maji ya moto na kupata maji baridi yanayouma vidole. Alipotoka kuuliza, alimkuta mwenye nyumba jikoni akipuliza moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hita imekufa tangu juzi, fundi ananiambia nisubiri hadi Jumatatu. Nakuletea ndoo."

Ndoo ililetwa, na asubuhi mama yule alipunguza bei ya chumba bila kuombwa. Alifanya hivyo kwa wageni wote. Kifaa kilichomtia hasara hiyo, kama alivyokuja kueleza fundi, kilikuwa kimeanza kuchoka miezi mingi nyuma.

Baridi inakula uniti ngapi?

Hebu tufanye hesabu ndogo, maana hapa ndipo fedha ya mwananchi inapopotelea. Chukua tangi la lita 80, ambalo ni saizi ya kawaida katika nyumba ya familia. Tuseme unataka maji yafike nyuzi joto 60.

Kama maji yanaingia yakiwa nyuzi 26, kama inavyoweza kuwa pwani, tangi hilo litahitaji takribani uniti 3.2 za umeme kujaa joto. Kama maji yanaingia yakiwa nyuzi 13, kama inavyoweza kuwa nyanda za juu wakati wa kipupwe, tangi lile lile litahitaji takribani uniti 4.4. Kwa mwezi mzima, ukijaza joto mara moja kwa siku, tofauti ni kati ya uniti 95 na uniti 131.

Weka bei yako mwenyewe ya LUKU. Kwa mfano wa Sh350 kwa uniti, mwezi wa baridi utakugharimu karibu Sh46,000 kwa hita peke yake, dhidi ya Sh33,000 za mtu wa pwani. Aidha, kundi la wateja wadogo wa majumbani, linalojulikana kama D1, limewekwa kwa wale ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hita moja inayotumika kila siku inatosha kukuvusha mpaka huo kabla hujawasha taa wala pasi.

Si hivyo tu. Maji ya nyuzi 60 huchanganywa na ya baridi ili mtu aweze kuoga. Kadiri maji ya baridi yanavyokuwa ya baridi zaidi, ndivyo unavyotumia sehemu kubwa zaidi ya maji ya moto. Lita 80 za maji ya moto zitakupa ndoo tisa na nusu za lita 20 za maji ya kuoga pwani, lakini katika baridi ya Njombe zitakupa ndoo saba. Ndiyo maana mtoto wa mwisho kuoga hulalamika Julai wakati Desemba alikuwa kimya.

Baridi hiyo hatuwezi kuiondoa. Tunachoweza kuondoa ni upotevu mwingine unaojificha nyuma yake, na kazi hiyo ni ya nusu siku tu mwezi Mei.

Anza na tope

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hukatika kati ya Aprili na Mei. Katika miezi ya mvua, maji ya vijito na chemchemi huja na udongo mwembamba, na sehemu yake hutulia chini ya tangi la hita. Katika maeneo yenye maji ya chumvichumvi na chokaa, magamba meupe nayo hushika kwenye elementi. Tope na magamba huizuia elementi kupeleka joto kwenye maji. Elementi hupata moto kupita kiasi, huchukua muda mrefu zaidi na mwisho huungua.

Kusafisha si kazi ngumu. Kwanza kata umeme kwenye sakiti breka, si kwenye swichi ya ukutani tu. Acha maji yapoe. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi, kisha fungua bomba moja la maji ya moto ndani ya nyumba ili hewa iingie. Funga mpira kwenye sehemu ya kutolea maji na uyaelekeze nje. Yakiisha, fungua koki ya maji baridi kidogo kidogo ili yasukume tope lililobaki, na urudie mpaka yatoke safi.

Hapa kuna kosa moja ambalo huwagharimu wengi: kuwasha umeme kabla tangi halijajaa. Elementi isiyozungukwa na maji inaweza kuungua kwa dakika chache. Usiwashe mpaka maji yatiririke mfululizo, bila kukohoa hewa, kwenye bomba la maji ya moto. Kanuni hii ikumbukwe pia pale penye mgao wa maji: yakikatika, zima hita.

Wakati tangi liko wazi, mwambie fundi aangalie fimbo ya magineziamu iliyomo ndani. Kazi ya fimbo hiyo ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu huhamia kwenye chuma cha tangi lenyewe, na tangi lililotoboka halina dawa. Fimbo iliyobaki waya mtupu ibadilishwe.

Valvu ndogo, hatari kubwa

Kwenye bomba la maji baridi, au ubavuni mwa tangi, kuna valvu ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 13 hadi 60 hutanuka. Katika tangi la lita 80 ongezeko ni zaidi ya lita moja, na lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Kwa hiyo ukiona valvu inadondosha maji wakati hita inafanya kazi, usishtuke wala usiizibe. Hiyo ndiyo kazi yake.

Cha kushtukia ni mambo mawili. La kwanza ni valvu inayodondosha usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa. Hiyo imechoka, au msukumo wa maji ya bomba ni mkubwa kupita kiasi. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni valvu iliyokwama isiyodondosha kabisa. Inua kijiti chake taratibu, ukiwa umeweka ndoo chini na uso wako mbali, maana maji yanaweza kuwa ya moto. Yakitoka na kukatika unapoachia, ni nzima. Yasipotoka, zima hita na uite fundi siku hiyo hiyo. Tangi lililofungwa kila upande huku thamostati imeharibika linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Kamwe usikubali fundi aweke plagi kwenye valvu hiyo eti kuzuia maji yasidondoke. Atakuwa ameokoa glasi ya maji na kuhatarisha nyumba.

Nyuzi 60 na saa mbili

Thamostati iwekwe kwenye nyuzi 60. Chini sana ya hapo, bakteria waitwao Legionella, wanaosababisha aina moja ya homa ya mapafu, hupata mazingira mazuri ya kuzaliana, hasa kati ya nyuzi 20 na 45. Juu ya hapo unalipia joto linalopotea ukutani. Hata hivyo, kumbuka kuwa maji ya nyuzi 60 humwunguza mtu vibaya ndani ya sekunde chache. Watoto wafundishwe kufungua maji baridi kwanza, ndipo wachanganye ya moto.

Wengi huacha hita ikiwaka usiku kucha kwa kuwa hawajui inachukua muda gani. Soma kibandiko chake. Elementi ya wati 2,000 itapasha lita 80 za maji ya nyuzi 13 kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Basi anayeoga saa 12 asubuhi aiwashe saa 10 alfajiri kasorobo, au afungiwe swichi ya saa inayojiwasha yenyewe. Ya wati 1,500 itahitaji karibu saa tatu. Ukiona hita yako inachukua muda mrefu zaidi ya hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa, hiyo ni dalili ya tope, magamba au elementi iliyochoka.

Bomba la maji ya moto linalovuja ni mwizi mwingine. Tone moja kila sekunde hufanya takribani lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima ya maji uliyoyalipia. Kupasha ndoo hiyo ni uniti moja hivi kila siku. Raba ya bomba ni kitu kidogo sana mbele ya uniti 30 kwa mwezi.

Baada ya hapo valisha mabomba ya maji ya moto kwa sponji maalumu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hasa meta zile za kwanza kutoka kwenye tangi na sehemu zinazopita nje ya nyumba. Katika maeneo ya juu kama uwanda wa Kitulo, ambako sakitu ni jambo la kawaida katika miezi hiyo, mabomba ya nje yavalishwe yote, ya moto na ya baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ufa huonekana jua likichomoza na barafu ikayeyuka.

Umeme na maji havichezewi

Hita nyingi siku hizi ni zile ndogo za papo kwa papo zinazofungwa juu ya bomba la mvua bafuni. Hazina tangi, hivyo hazina tope la kusafisha wala maji ya kupoa. Lakini zina mambo mawili ya kujua.

Kwanza, nguvu yake ina kikomo. Hita ya wati 5,500 inaweza kuongeza nyuzi 26 kwenye maji yanayotiririka lita tatu kwa dakika. Maji ya nyuzi 13 yatafika 39, na hapo unaoga vizuri, ila kwa mtiririko mdogo. Ukifungua koki yote kama ulivyozoea Desemba, maji yatapita kabla hayajashika joto, nawe utasema hita imekufa. Punguza koki kabla hujamwita fundi. Pia safisha vitundu vya kichwa cha bomba, maana vikiziba hita huweza kukataa kuwaka.

Pili, chombo cha wati 5,500 huvuta takribani ampea 24. Waya wa soketi ya kawaida hauwezi kubeba mzigo huo. Utapata moto ndani ya ukuta bila mtu kuona. Hita hii lazima iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye mein swichi, wenye unene unaostahili, pamoja na sakiti breka yake. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au ukiona taa zinafifia sana kila mtu anapoingia kuoga, usiendelee.

Kubwa kuliko yote ni waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Ukikatika au usipofungwa, umeme unaovuja kwenye elementi hupita kwenye maji na kumfuata anayeoga. Nyumba iwe pia na swichi ya kinga inayokata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampea 30. Ina kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyeze kila mwezi, na isipokata ibadilishwe. Mtu yeyote akihisi hata mtekenyo mdogo bafuni, hita izimwe kwenye breka hadi ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Maneno ya kwamba mtekenyo ni wa kawaida yamekwishafiwa na watu.

Wenye hita za jua

Hita ya jua ni uwekezaji mzuri katika nyanda za juu, kwani hata siku ya baridi jua huwaka. Lakini wengi hukosea mwelekeo. Njombe iko kusini mwa ikweta, nyuzi tisa na ushee. Desemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini kidogo ya utosi. Juni hupita upande wa kaskazini, likiwa limeinama kama nyuzi 33 kutoka utosini. Kwa hiyo hita inayotazama kusini hufanya kazi vizuri wakati usiouhitaji, na huzorota wakati unaouhitaji. Itazame kaskazini.

Aidha, mti au ghorofa ya jirani upande wa kaskazini ambayo haikukutilia kivuli Desemba inaweza kufunika paa lako Juni. Panda juu mchana wa Mei uone kivuli kiko wapi, upunguze matawi mapema, na ufute vumbi la kiangazi kwenye vioo.

Penye sakitu kuna tahadhari ya ziada. Usiku usio na mawingu, paneli bapa hupoteza joto kwenda angani kiasi kwamba maji ndani yake yanaweza kuganda hata kama hewa ya pembeni bado iko juu ya sifuri. Maeneo ya aina hiyo yafaa kutumia hita yenye kimiminika kisichoganda au ile ya mirija ya vioo. Na kwa wenye mirija: kama tangi limekauka kwa mgao wa maji, usilijaze adhuhuri. Maji baridi yakigusa kioo kilichochomwa na jua, kioo hupasuka. Jaza alfajiri.

Kuni na mkaa

Kwa shule, nyumba za wageni na wafugaji wengi, pipa la kuni bado ndilo mkombozi, hasa pale penye mabanzi ya mipaina na kuni za miwati. Anika kuni Mei, zikae chini ya paa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, hivyo unachoma zaidi na kupata kidogo. Zoa masizi kwenye bomba la moshi. Hakikisha bomba la kupumulia mvuke liko wazi, kwani maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Pipa lililofungwa kabisa na kuwekwa motoni ni bomu.

Mfugaji azingatie pia kuwa makopo ya maziwa huanza kusuuzwa kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kisha ndipo yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni. Ukianza na maji ya moto, maziwa hugandia kwenye chuma.

Na lipo jambo lisilo la hiari. Hita ikifa usiku wa baridi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa bafuni au chumbani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Hita za gesi zilizofungwa mahali pasipo na dirisha la hewa zina hatari hiyo hiyo. Ndoo ya maji yaliyochemshwa jikoni, kama ile ya mama wa nyumba ya wageni, ni salama mara elfu.

Ratiba ya Mei

Wiki ya kwanza, safisha tangi na ukague fimbo na valvu. Wiki ya pili, badilisha raba za mabomba na uvalishe sponji. Wiki ya tatu, mwite fundi umeme apime waya wa ardhi na swichi ya kinga. Wiki ya nne, panda juu ya paa kama una hita ya jua, au panga kuni kama una pipa. Kisha andika namba ya mita ya LUKU jioni moja na asubuhi yake, ili ujue hita inakula uniti ngapi kabla baridi haijaanza. Juni ikifika, utajua kama ongezeko ni la baridi au la ubovu.

Mama wa nyumba ya wageni alibadilishiwa elementi Jumatatu ile, baada ya siku nne za vyumba vya nusu bei. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha kiganjani. Kama angefungua tangi Mei, angekiona kimevaa magamba, akakibadilisha kwa wakati wake, na wageni wake wangelipa bei kamili.